Taa za Ishara za Motokaa, na Jinsi ya Kutafuta Kasoro Yake

1. Kazi ya taa za ishara

Mtu aendaye kwa miguu akitaka kugeuka njiani, hugeuka tu, wala mara nyingi hapana adhurikaye. Dereva wa motokaa hawezi kufanya hivyo. Gari lake ni zito, tena laenda mbio. Nyuma yake huja magari mengine, na mbele yake mengine tena. Yampasa kuwajulisha wote nia yake kabla hajageuza usukani. Kwa kinywa hawezi kusema nao, basi husema nao kwa taa. Hizo ndizo taa za ishara, na madereva huziita indiketa.

Zamani madereva walitoa mkono nje ya dirisha. Baadaye magari mengi ya Ulaya yalitiwa mikono midogo yenye taa ndani, iliyochomoza ubavuni mwa gari mithili ya bawa la kuku. Motokaa ndogo ya Uingereza iitwayo Morris Minor ilikuwa na mikono ya namna hiyo mpaka mwaka 1961. Huko Marekani, kampuni ya Buick ilitia taa za kupepesa katika motokaa zake za mwaka 1939, na hatimaye taa hizo zikaenea duniani kote, kwa sababu huonekana toka mbali usiku na mchana. Kanuni zinazofuatwa katika nchi nyingi zaagiza taa hizo zipepese si chini ya mara 60, wala si zaidi ya mara 120, kwa dakika moja.

Katika Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo dereva ageukaye kulia huvuka njia ya magari yajayo mbele yake. Tena gari la nyuma likitaka kumpita, hupita papo hapo upande wa kulia. Taa ya kulia ya nyuma isipowaka, dereva wa nyuma hana habari, naye aweza kumgonga mwenzake ubavuni. Katika Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, hatari hiyo huwa upande wa kushoto. Ndivyo uhai wa watu unavyoweza kutegemea globu moja ndogo inayoenea katika kiganja cha mtoto.

2. Njia ya umeme

Umeme wa taa hutoka katika betri. Betri ya magari mengi ni ya volti 12, nayo ina ncha mbili, ncha ya chanya na ncha ya hasi. Sasa kumbuka sana jambo hili, maana ndilo shina la somo letu lote: umeme hauendi po pote usipokuwa na njia ya kurudi katika betri. Umepata kuona shanga zilizotungwa katika uzi mmoja na kufungwa shingoni. Uzi ukikatika mahali po pote, mbele au nyuma, shanga zote humwagika. Njia ya umeme ni vivyo hivyo. Ikikatika mahali pamoja tu, taa haiwaki, hata kama sehemu nyingine zote ni nzima.

Tufuate basi njia hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kwanza, umeme hutoka katika ncha moja ya betri, ukapita katika fyuzi. Fyuzi ni kipande chenye waya mwembamba uliowekwa makusudi ili uyeyuke na kukatika, umeme ukizidi kiasi. Ni mlinzi wa nyaya zote zilizo mbele yake.

Pili, hufika katika kikopo kidogo kiitwacho flasha. Kazi yake ni kuukata umeme na kuuunganisha tena na tena, ndipo taa hupepesa.

Tatu, hufika katika swichi iliyo karibu na usukani. Hapa njia hugawanyika: dereva huuelekeza umeme kushoto au kulia.

Nne, katika kila upande njia hugawanyika tena: waya mmoja huenda taa ya mbele, na mmoja huenda taa ya nyuma.

Tano, umeme hupita ndani ya globu, katika uzi mwembamba sana wa madini. Uzi huo hupata moto ukang'aa, nao ndio mwanga tuuonao.

Sita, umeme hurudi. Katika magari mengi hapana waya mrefu wa kurudi mpaka kwenye betri. Ile ncha ya pili ya betri imefungwa kwenye bodi na fremu ya gari, na kila taa imefungwa kwenye bodi hiyo hiyo. Hivyo madini ya gari lenyewe huwa ndiyo njia ya kurudia.

Mtu asiyejua hutazama nyaya zinazokwenda tu, akasahau njia ya kurudi. Walakini katika magari ya zamani kasoro nyingi zimo katika njia hiyo ya kurudi.

Tutwae kwa mfano Land Rover ya zamani, gari lililotumika sana katika Afrika ya Mashariki, mashambani, hospitalini na katika mbuga za wanyama. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mwaka 1948, na aina iitwayo Series III ilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 mpaka mwaka 1985. Fremu yake ya chini, ambayo mafundi huiita chesisi, ni ya chuma. Lakini sehemu kubwa ya bodi ni ya alumini, kwa maana baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa haba Uingereza. Alumini haishikwi na kutu nyekundu kama chuma. Lakini ikigusana na chuma mahali penye unyevu, na hasa penye chumvi kama vile pwani, hulika ikatoa unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme. Basi taa iliyofungwa kwa skrubu ya chuma kwenye bodi ya alumini yaweza kukosa njia yake ya kurudi, wala kwa nje huoni cho chote.

3. Jinsi flasha inavyofanya kazi

Ndani ya flasha ya zamani mna utepe wa madini za namna mbili, zilizoshikamanishwa mgongo kwa mgongo. Madini zote hurefuka kidogo zikipata moto, lakini moja hurefuka kuliko mwenzake. Kwa hiyo utepe ukipata moto hupinda, na ukipoa hunyoka tena. Umeme wa taa huutia utepe moto. Utepe hupinda ukaikata njia. Umeme ukisha katika, utepe hupoa na kuiunganisha njia upya. Mlio wa “ta, ta, ta” ausikiao dereva ni mlio wa flasha.

Angalia sasa: utepe huo wahitaji umeme wa kadiri yake ndipo upate moto wa kutosha. Globu ya ishara kwa kawaida ni ya wati 21. Ukigawanya wati 21 kwa volti 12, wapata ampea 1.75. Globu mbili za upande mmoja hutumia ampea 3.5. Globu moja ikifa, umeme unaopita katika flasha ni nusu tu. Mara nyingi utepe hauwezi tena kupinda kama ulivyozoea: taa iliyosalia hupepesa polepole, au huwaka tu bila kupepesa. Flasha za baadaye, zifanyazo kazi bila utepe, zimetengenezwa zifanye kinyume: globu moja ikifa, hupepesa haraka sana ili dereva atambue. Hivyo flasha hutoa habari. Si kila mara yenyewe imekufa.

Watu wengine huondoa globu za kale na kutia taa za LED. Taa hizo hutumia umeme kidogo sana, kwa hiyo flasha ya utepe haipati moto, na taa hazipepesi. Hapo hakuna kilichoharibika. Yapasa kutia flasha inayofaa taa za namna hiyo.

4. Dalili na maana zake

Mganga mwema humtazama mgonjwa na kumwuliza maswali kabla ya kumpa dawa. Fundi naye yampasa kuwasha taa za kushoto, kisha za kulia, na kulizunguka gari lote akiangalia, kabla hajafungua skrubu hata moja.

Taa za pande zote mbili zikiwa haziwaki, kasoro yaelekea kuwa katika sehemu ya njia ambayo pande zote hushirikiana: fyuzi, flasha, au swichi. Anza na fyuzi, kwa kuwa ni rahisi kuitazama. Kumbuka pia ya kuwa katika magari mengi taa za ishara hazipati umeme mpaka ufunguo wa gari umefunguliwa.

Upande mmoja ukiwaka vizuri na wa pili hauwaki, basi fyuzi na flasha ni nzima, maana zimeuwasha upande ule wa kwanza. Tafuta katika upande uliozimika. Ikiwa globu zake mbili hazifanyi kazi, shuku kwanza swichi au waya, kwa kuwa ni nadra globu mbili kufa siku moja.

Taa moja tu ikiwa haiwaki, tazama globu yake, kisha kikalio chake kama kina kutu, kisha njia yake ya kurudi.

Taa ikiwa hafifu, umeme wafika lakini wapita kwa shida. Na ukikanyaga breki, ukaona taa ya ishara nayo yawaka kidogo isipopaswa, hiyo ni dalili kubwa ya njia ya kurudi iliyoziba. Umeme wa breki umekosa kurudi mahali pake, nao watafuta njia nyingine kwa kupita katika globu ya jirani.

Fyuzi ikikatika tena mara tu unapotia mpya, waya fulani umechunika ngozi yake na kugusa bodi. Umeme hurudi betrini upesi kabla ya kuifikia taa.

5. Mfano

Tuseme Land Rover ya zahanati imeletwa kwa fundi mmoja mzee. Dereva wake aeleza ya kuwa jana usiku, alipokuwa akimpeleka mama mjamzito hospitalini, alitoa ishara ya kugeuka kulia, na lori lililokuwa nyuma yake likaja kumpita upande ule ule. Walikoswakoswa. Mwanafunzi wa fundi awasha taa za kulia, aona zawaka lakini hazipepesi.

“Mzee,” asema kijana, “flasha imekufa. Tumwambie dereva akanunue mpya.”

“Ngoja, mwanangu. Washa za kushoto.”

Za kushoto zapepesa vizuri.

“Je, gari hili lina flasha ngapi za kugeukia?”

“Moja tu, mzee, kwa pande zote.”

“Basi ikiwa imekufa, imewezaje kupepesa kushoto? Fedha ya zahanati ni fedha ya dawa. Tusiitupe. Zunguka gari, uniambie uonayo.”

Kijana azunguka. Taa ya kulia ya mbele yang'aa; ya nyuma ni hafifu kama kaa la moto linalozimika. Mzee amwambia abadilishane globu hizo mbili, ya mbele aitie nyuma, na ya nyuma aitie mbele. Afanya hivyo. Mbele bado pang'aa, na nyuma bado pana giza.

“Umejifunza nini?”

“Ya kuwa globu zote mbili ni nzima, mzee. Kasoro haikuhama pamoja na globu.”

“Vema. Sasa twae taa ya kupimia.”

Taa hiyo ni globu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, moja ina kibanio na nyingine ina ncha kali. Kijana abana kibanio kwenye chuma safi cha chesisi, kisha ncha aigusisha mahali waya wa taa ya nyuma unapoingia. Katika magari mengi ya Uingereza ya siku zile waya wa ishara ya kulia ni wa kijani wenye mstari mweupe, na wa kushoto ni wa kijani wenye mstari mwekundu. Waya wa kurudi ni mweusi. Taa ya kupimia yang'aa sana.

“Umeme wafika mpaka hapa, mzee!”

“Umefika, globu ni nzima, wala taa haing'ai. Kimesalia nini?”

Kijana afikiri kidogo. “Kurudi.”

Mzee ampa kipande cha waya. Kijana ashika ncha moja kwenye kikalio cha taa, mahali panapoungana na waya mweusi, na ncha ya pili kwenye chesisi. Mara ile taa ya nyuma yang'aa, na zote mbili zaanza kupepesa.

Wafungua skrubu iliyoshika waya mweusi kwenye bodi. Chini yake wakuta unga mweupe kwenye alumini na kutu kwenye skrubu. Wapasugua kwa msasa mpaka madini yametakata, watia skrubu mpya, waikaza sana, na juu yake wapaka grisi kidogo ili unyevu usiingie. Dereva hakununua flasha wala globu. Alilipa kazi na skrubu moja.

Tazama jinsi mzee alivyofanya. Hakubahatisha. Kila jaribio alilofanya lilijibu swali moja, na kila jibu liliondoa sehemu moja ya njia, mpaka ikasalia sehemu ambayo kasoro haikuweza kujificha tena. Kama wangalibahatisha, wangalinunua flasha, kisha globu, kisha swichi, na gari lingalirudi barabarani usiku na taa ile ile hafifu.

6. Mambo ya kuangalia

Ukitaka kukata au kuunga waya, kwanza fungua waya wa betri uliofungwa kwenye bodi. Katika Series III ni ule wa ncha ya hasi. Lakini Land Rover za miaka ya kwanza zilifungwa kinyume, ncha ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Kwa hiyo tazama kwanza.

Usitie kamwe waya mnene, msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi ikikatika imefanya kazi yake. Ukiweka kitu kisichoyeyuka, nyaya zenyewe zitayeyuka, na gari laweza kuungua. Tia fyuzi yenye namba ile ile, kisha tafuta sababu ya kukatika.

Maji ya betri ni asidi kali. Yakikumwagikia mkononi au machoni, osha mara moja kwa maji mengi safi.

Mwisho, kila dereva, kabla ya safari, imempasa kuwasha taa zote na kulizunguka gari lake. Kazi hiyo haitimizi dakika mbili. Taa ya nyuma ndiyo asiyoweza kuiona akiwa ameketi kitini, nayo ndiyo wenzake wanayoitazama.

Maswali

1. Kwa nini taa ya ishara ya kulia ya nyuma ni ya maana sana katika Kenya na Tanzania?
2. Taja kwa utaratibu sehemu sita za njia ya umeme tangu betri mpaka kurudi betrini.
3. Eleza kwa nini utepe wa flasha hupinda.
4. Taa za kushoto zapepesa vizuri, za kulia haziwaki kabisa. Ni sehemu gani za njia ambazo huna haja ya kuzipima? Kwa nini?
5. Kijana alijifunza nini alipobadilishana globu?
6. Hesabu: Gari lina globu nne za ishara, kila moja ya wati 21, na betri ya volti 12. Zikiwashwa zote nne pamoja, zatumia ampea ngapi?
7. Jaribio: Chukua betri moja ya tochi, globu yake, na nyaya mbili fupi. Iwashe globu. Kisha tia kipande cha karatasi kati ya waya na tako la betri. Eleza lililotokea, na ulilinganishe na ule unga mweupe wa Land Rover.
8. Andika sentensi kumi ukieleza jinsi utakavyotafuta kasoro ya tochi isiyowaka, bila kubahatisha.